Wema usio na jetoni

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu wa wanachama na wafadhili, Lubunga. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa. Makelele na vicheko tumeviacha.)

Rais wa chama alituomba tuseme dakika 20. Sisi ni watu wa tereni, hatuna mazoea ya maikro. Tumezoea kusema tukiwa tumesimama ndani ya matope na fomu mkononi. Mtatuvumilia. Na Kiswahili chetu ni kile cha Kisangani, kilipita shuleni kidogo na sokoni zaidi.

Mnajua kwa nini tumeitwa. Mkutano uliopita ulivunjika vibaya. Mezani kulikuwa na mapendekezo mawili ya kuongeza kwenye sheria za chama. La kwanza lilisema: wote waliotupokea ng'ambo wakati wa kukimbia, chama kiwatafute, kiwaandike, na kila mmoja apewe kitu kutoka kwenye kasha, iwe shukrani. La pili lilikuwa kali zaidi: mwanachama ambaye siku za shida hakumsaidia mwenzake, ao alisaidiwa na hakurudisha, afutwe kwenye orodha ya msaada. Mama mmoja akasimama akasema, "Likelemba ni likelemba. Unakula zamu yako, unalipa zamu ya mwenzako." Nusu ya ukumbi wakapiga mikono, nusu wakapiga kelele, mvua ikaanza, tukatoka bila kura.

Leo kura itapigwa. Sisi hatupigi, hatuko wanachama, tunawasindikiza tu. Lakini mlitaka tuseme tuliyoyaona. Basi tutasema hayo kwanza, na maoni yetu tutayaweka mwisho, mtayapokea ao mtayatupa.

Kwa wafadhili ambao hawakuwa hapa, tukumbushe kidogo. Mwezi wa pili wa mwaka 2023, mzozo wa mashamba kati ya Mbole na Lengola uliwaka hapa Lubunga, ukapanda mpaka Ubundu na Opala. Watu walikufa, nyumba zilichomwa. Juu ya chanzo na juu ya nani alianza, kuna wenye kazi hiyo, si sisi, na si leo. Jambo la kujua ni hili: kati ya komini sita za Kisangani, Lubunga ndiyo peke yake iliyo upande wa kushoto wa mto. Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo na Kisangani ziko ng'ambo. Daraja hakuna. Kukimbia kwa mtu wa Lubunga maana yake ni kuvuka maji, usiku, na watoto, na godoro kichwani kama kuna godoro.

Sasa tuseme jambo ambalo kwenye ripoti zetu huwa tunaliandika kwa maneno laini. Tangu mtu wa kwanza aliposhuka kwenye mtumbwi upande wa ng'ambo mpaka siku aliposhika jetoni yetu mkononi, ni wiki nyingi zilipita. Kwanza kuna tathmini. Halafu kuna mkutano wa mashirika kugawana fasi. Halafu orodha. Halafu orodha ile inasafishwa, maana kuna waliojiandika mara tatu. Halafu jetoni. Halafu lori linakwama. Hatusemi hivi kwa kujilaumu kupita kiasi, kazi ya kugawa bila utaratibu tumeiona pia na ni mbaya zaidi. Tunasema tu kwamba katika wiki zile watu walikula. Si sana, lakini walikula, walilala, watoto walifunikwa. Nani aliwalisha? Hatukuwa sisi. Na hatukuwa na safu ya kuwaandika waliofanya.

Tuna watu wanne wa kuwaonyesha. Majina hatuyataji.

Wa kwanza ni mwenye mtumbwi. Hatutataja kabila lake pia, na mtaona sababu. Siku zile bei ya kuvuka ilipanda, kama inavyopanda kila mara watu wanapokimbia. Yeye alivusha kwa bei ya zamani wale waliokuwa nayo, na wasiokuwa nayo akawavusha bure. Ndani ya mtumbwi wake walikaa watu ambao ndugu zao na ndugu zake walikuwa wanachomeana nyumba. Hakuuliza mtu anatoka kijiji gani. Tulikuja kumwuliza sisi, miezi baadaye, kwa nini hakuuliza. Alitutazama kama watu waliopotea njia. "Katikati ya mto utauliza mutu kabila? Na akikujibu mubaya, utamutupa?"

Nyumba yake ilichomwa baadaye, na yeye pia akakimbia. Kati ya wote aliowavusha, tulimwuliza kama kuna aliyerudi kumtafuta. Hapana. Leo analala kwa mkwe wake, na mwanaume akilala kwa mkwe wake mnajua anavyokohoa taratibu.

Wa pili ni kijana wa toleka. Wageni, toleka ni baiskeli ya kubeba watu, na mji wetu unajulikana nayo. Kijana huyu alimkuta bibi kwenye bichi, miguu imevimba, na wajukuu watatu. Akambeba bibi mpaka kwenye kanisa ambako watu walikuwa wanalala, akarudi akabeba wajukuu wawili, akarudi tena akabeba wa tatu na furushi. Ile siku alikosa pesa ya kumpelekea mwenye baiskeli jioni. Mwenye baiskeli akachukua baiskeli yake. Hiyo tu. Hakuna mwisho mzuri wa habari hii. Tulimwona mara ya mwisho anachimba mchanga.

Wa tatu tutamkawilia kidogo, kwa sababu kuna kitu cha kujifunza ndani. Ni msichana wa shule, alikuwa na miaka 14 hivi. Familia yake na nyingine nyingi zililala ndani ya darasa moja, mabenchi yamesukumwa ukutani. Usiku mtoto mdogo wa jirani akaanza kuhara, maji matupu. Mama yake analia. Saa ile kituo cha afya kimefungwa, na kutembea usiku siku zile hakuna aliyethubutu. Msichana akakumbuka somo la shule: litre moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, vimesawazishwa si vya mlima, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi alikuwa nayo. Sukari akaiomba kwa watu waliolala, huyu kijiko, yule kijiko, wengine wakimtukana. Akachemsha maji kwenye makala ya mlinzi wa shule, akayapoza, akamnywesha mtoto kidogo kidogo na kijiko mpaka kulipokucha. Asubuhi mtoto akapelekwa kwa muganga, akapona.

Mama wa yule mtoto, tulipoongea naye, hakujua hata jina la msichana. Alihamishiwa fasi nyingine siku ya tatu. Na msichana mwenyewe tulipomwuliza, alichokumbuka zaidi ni kwamba alisinzia siku iliyofuata na mama yake akamgombeza. (Tafadhali kipimo kile mkikate kwenye gazeti hili mkibandike ukutani: sukari vijiko 6, chumvi nusu kijiko, litre moja ya maji. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Na kumnywesha si kubadilisha kwenda kwa muganga, ni kumfikisha kwa muganga akiwa hai.)

Wa nne ni Mama wa Mangobo. Huyu ndiye tunayemfahamu sana, na kwake ndiko tulikopata aibu yetu.

Ni mjane. Anauza makala mbele ya parseli yake. Nyumba yake ina vyumba viwili na baraza. Usiku mmoja alisikia watoto wanakohoa chini ya baraza ya duka la jirani lililofungwa. Akatoka na taa. Alikuta familia tatu, watu 13. Akawaingiza. Alituambia alifikiri ni mpaka asubuhi. Walikaa miezi minne.

Mama huyu alikuwa na sufuria kubwa ya alimini, aliyoachiwa na mama yake mzazi. Kwake haikuwa ya kupikia tu. Alikuwa anaikodisha kwa matanga na kwa ndoa, na pesa ile ndiyo iliyolipa shule ya mtoto wake wa mwisho. Miezi ile minne sufuria haikukodishwa, ilikuwa inapikia watu 13. Wiki za kwanza alipika sombe na unga wake. Makala aliyokuwa anauza yakawa yanaishia jikoni mwake. Aliuza vikwembe viwili.

Sisi tulifika mwezi wa pili, na fomu zetu. Tukakaa pale barazani, tukawaandika wote 13, umri, komini ya kutoka, mwenye mimba, mwenye ulemavu. Tukawapa jetoni. Mama alikuwa amesimama pembeni, mikono myeusi ya makala. Akauliza, "Na miye?" Tukamjibu, "Mama, msaada huu ni wa watu waliokimbia." Tulimjibu vile tukiwa na beji shingoni, na kiti tulichokalia kilikuwa chake.

Wageni wake walipopokea unga na mafuta waligawana naye, tuseme haki yao. Lakini mji ulipotulia kidogo wakaanza kurudi huku Lubunga kuangalia viwanja vyao. Asubuhi moja Mama alikwenda kuchukua makala. Aliporudi akakuta nyumba imefagiwa vizuri, mikeka imekunjwa na kusimamishwa ukutani, maji yamejazwa kwenye bidoni. Na sufuria haiko.

Hakuna aliyerudi kumwona tena, hata kumpigia simu.

Wafadhili wanapenda tuandike kwamba watu kama hawa "walifanya kwa moyo mweupe bila kutarajia chochote". Tumewahi kuandika hivyo. Si kweli kwa Mama huyu. Alitarajia. Alitarajia asante, alitarajia sufuria yake, na angependa hata sisi tumwandike. Amekasirika mpaka leo. Tulipokwenda kumtembelea tukamwuliza, kwa adabu, kama ingetokea tena angefungua mlango. Akajibu, "Banangu, musiniulize maulizo ya padri." Akaendelea kupima makala.

Halafu watu wakakimbia tena. Haikuwa wingi wa mara ya kwanza, lakini walivuka. Tukapita Mangobo kwa kazi nyingine, tukakuta kwake wasichana wawili na kichanga. Hatukusema kitu. Yeye ndiye aliyetangulia: "Hawa niko nawapikia na kasufuria kadogo. Na usiku nakafungia."

Wandugu, tumefikiri sana juu ya kale kasufuria kanakofungiwa. Tulisoma chuo kikuu hapa hapa Kisangani, tukafundishwa maneno mengi: ustahimilivu wa jamii, mtaji wa kijamii, na mengine. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kwamba mtu anaweza kufungua nyumba na kufunga sufuria, siku moja, kwa watu wale wale.

Sasa kuna jambo letu lingine la aibu, na linagusa pendekezo la kwanza moja kwa moja. Baada ya ile "na miye?" ya Mama, tulirudi ofisini tukapiga kelele, na tukasikilizwa. Tukapewa ruhusa ya kuandika familia zilizopokea watu, ili zipewe kitu. Tulifurahi. Tukatangaza kwa mashefu wa kartie. Kilichotokea kiliharibu mambo kwa mwezi mzima. Watu ambao hawakuwa na mgeni hata mmoja walipata wageni kwa usiku mmoja. Mkimbizi mmoja aliandikwa kwenye nyumba tatu. Wenye nyumba wawili walipigana juu ya bibi kizee mmoja, kila mtu anasema ni mgeni wake. Wengine wakaanza kuwaambia wageni wao: bakieni mpaka waandikaji wapite. Na wale waliopokea kimya kimya, wengi hawakujitokeza. Mmoja alituambia, "Mukiniandika, kesho jirani atasema nilifanya juu ya makuta." Mama wa Mangobo mwenyewe siku ile ya kuandikwa alikuwa kwenye makala. Hakuandikwa.

Sokoni mtu akikupimia mchele, kopo likijaa, anaongeza kiganja juu. Ile matabishi inafanya urudi kwake. Lakini jaribu kumwambia, "Matabishi yangu ni gramu ngapi, niandikie kwenye risiti." Kuanzia siku ile atapima tu.

Kuna papa mmoja wa komini ya Tshopo tuliyemsaidia kupanga karatasi zake. Yeye hakukimbia mwaka 2023, shida yake ni ya zamani, ya ile vita ya siku sita, tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji huu, mji usio wao. Wenye umri wanakumbuka. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa na mabomu zaidi ya 6,600 yaliyoanguka. Mwaka 2022, tarehe 9 mwezi wa pili, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa mambo yote ya vita yake ndani ya nchi yetu, si ya Kisangani peke yake: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa utajiri wa ardhi. Kuna mfuko wa serikali uliowekwa kwa ajili ya wahanga, na wengi wa mji huu wamepeleka karatasi zao.

Papa huyu alikuwa na karatasi zake ndani ya plastiki: kifo cha mdogo wake, ukuta ulioanguka, cherehani. Tukapanga moja moja. Halafu akasema, siku zile tulikuwa watu 17 ndani ya nyumba ya mtu tusiyemjua, tumelala chini ya vitanda, maji hakuna mjini. Mwenye nyumba alikuwa na ndoo moja na nusu. Akawa anatugawia na gobele, kila mtu gobele moja asubuhi, moja jioni, yeye anakunywa wa mwisho. Siku ya tano alijinyima, akasema ana tumbo. Papa akatuuliza, "Huyu nitamwandika wapi?" Tukacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli. Mwenye nyumba alikufa miaka mingi iliyopita, kwa ugonjwa, hakupata kitu kwa mtu yeyote. Tukamwambia, Papa, hakuna fasi. Akakunja plastiki yake akasema, "Basi muandike ninyi, ninyi munajua kuandika." Ahadi ile tunailipa leo.

Turudi kwenye kura.

Juu ya pendekezo la kwanza, maoni yetu ni msipitishe zawadi. Tumeshaona orodha ya zawadi inavyofanya, na sisi tuna magari na kompyuta. Ninyi mna daftari moja na kasha lenye kufuli mbili. Lakini msilitupe lote, kwa sababu waliolileta waliona kitu cha kweli: Mama yule aliuza vikwembe viwili, na kijana alipoteza baiskeli. Wema haukuwalipa, sawa, lakini haukustahili kuwafilisi. Kumlipa mtu kwa wema wake ni jambo moja. Kumsaidia kuubeba mzigo siku anayoubeba ni jambo lingine, na hili linawezekana. Wekeni sehemu ya kasha iwe ya siku za kwanza. Watu wakivuka, mwanachama mmoja wa ng'ambo anapita mlango kwa mlango na sabuni, chumvi, sukari, makala, unga kidogo, anaacha pale penye wageni anaowaona kwa macho yake jioni ile. Bila fomu. Bila picha. Hatangazi kabla, harudi kuandika baada. Atadanganywa mara moja moja, ndiyo. Sisi na fomu zetu zote tulidanganywa zaidi.

Wandugu wafadhili, hili linawahusu. Mtatuuliza ushahidi wa matumizi, na mna haki. Tunaomba mkubali sahihi mbili za wazee wa kartie badala ya orodha ya majina. Mkataba wa Umoja wa Afrika juu ya watu waliohama ndani ya nchi zao, ule wa Kampala wa mwaka 2009, unasema wazi kwamba msaada ufike pia kwa jamii zinazopokea. Hatuombi kitu kipya. Tunaomba kifike wiki ya kwanza, si mwezi wa tatu.

Juu ya pendekezo la pili tutakuwa wafupi, kwa sababu linatuudhi. Mmesema afutwe asiyesaidia. Nani atamjua? Ng'ambo kulikuwa na mwanaume mmoja aliyefunga mlango wake mbele ya watu waliolowa. Kartie nzima walimlaani, na sisi pia tulimwandika vibaya kichwani. Baadaye tukajua ndani mle alikuwa na mgonjwa wa kifua kikuu ambaye hakutaka ajulikane. Alifunga mlango ili watoto wa watu wasiambukizwe, na hakuweza kusema. Wengine, tusidanganyane, walikuwa na roho ngumu tu. Lakini kutoka barabarani milango yote iliyofungwa inafanana.

Na asiyerudisha? Hapa ndani, nani amerudisha? Tunauliza kwa upole. Mwenye mtumbwi analala kwa mkwe wake, siyo mbali na ukumbi huu. Kama kifungu kile kikipita leo na kikifuatwa kweli, kesho asubuhi orodha ya msaada itakuwa karatasi nyeupe, na jina letu sisi wa beji litakuwa la kwanza kufutwa. Mama aliyesema likelemba ni likelemba alisema vizuri, tunamheshimu. Likelemba ina zamu, na kila mtu anaijua zamu yake. Yule msichana wa sukari, zamu yake ingefika lini, na kwa nani? Mtoto aliyemnywesha hata hatamjua kwa sura.

Tumemaliza, dakika zetu zimepita, rais anatutazama. Kubaki ni tangazo moja tu, tulituomwa nalo ao tuseme tumejituma wenyewe.

Sufuria ya Mama wa Mangobo ni ya alimini, kubwa, ya kupikia matanga. Mkono mmoja ulivunjika ukafungwa na waya wa shaba. Chini ina kiraka kidogo upande. Waliotoka nayo walirudi huku Lubunga, kwa hiyo inawezekana iko ndani ya kartie hii, na inawezekana mwenye kuwa nayo amekaa hapa anatusikiliza. Hatujui alikuta nini aliporudi. Labda alikuta majivu, watoto wana njaa, hana hata chombo cha kuchemshia maji. Hatuulizi. Mlango wa nyuma wa ofisi ya chama, ule wa upande wa mwembe, utakuwa haujafungwa kila siku ya posho kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili. Mlinzi ameambiwa akae mbele. Mwenye nayo aiweke tu pale chini, sisi tutaivusha.